Matembezi matatu ya Jumamosi: nilipomwomba mdogo wangu anisindikize

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alitutanabahisha juu ya neema mbili ambazo wengi katika watu hupunjika kwazo, nazo ni siha na faragha. Siha tunaielewa. Kila aliyewahi kuugua anaijua thamani yake, na kila siku tunaiomba katika dua zetu. Faragha, yaani ule wakati ambao mtu hana jambo linalomshughulisha, ni nadra kusikia ikitajwa katika dua, na ni nadra zaidi kuona familia imekaa kitako kuipangia matumizi. Ilhali katika nyumba zetu nyingi za mijini hivi leo yumo kijana ambaye faragha yake si saa moja baada ya Alasiri, bali ni siku nzima, wiki nzima, na pengine mwaka wa pili huu.

Kijana huyo huambiwa mengi. Huambiwa asikae kijiweni, asiandamane na fulani, asiende disko, asicheze kamari. Yote hayo ni haki, na kuyasema ni wajibu wa wazazi na walimu. Lakini ukiyahesabu utaona kwamba karibu yote yanamweleza mahali asipotakiwa kwenda. Yanayomweleza mahali pa kwenda ni machache: msikitini, darsani, nyumbani. Na baada ya swala na darsa, siku bado ni ndefu. Makala hii inahusu saa hizo zilizobaki, na namna nyumba moja ya Temeke ilivyojaribu kuzitumia.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mwenye umri wa miaka 25. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na tangu hapo yupo nyumbani. Baba yetu alitangulia mbele ya haki tukiwa wadogo, na mama ametulea kwa biashara ya vitumbua na maandazi. Mdogo wangu si mtoto mbaya. Hamjibu mama vibaya, na maji ya ndoo huyabeba bila kuombwa. Lakini mwaka jana alianza kuonekana kwenye kibanda cha kubashiri matokeo ya mechi kilichopo mtaani kwetu, akishika ile karatasi ambayo vijana huiita mkeka. Fedha alizopewa anunue unga zikawa hazifiki dukani. Mama alimkanya, mjomba akamkanya, na ustadhi aliyemsomesha madrasa akamwita na kumkumbusha aya ya 90 ya Suratul Maida. Aliisikiliza kwa adabu na akaimalizia mwenyewe kwa Kiarabu, kwani aliihifadhi tangu akiwa na miaka kumi. Hapo nikatambua kwamba hukumu ya kamari anaijua. Alichokikosa ni kitu kingine.

Basi sikumpa waadhi. Nilimwambia jambo lililokuwa la kweli kabisa: kwamba nafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa nikiwa na watoto arubaini, kwamba natamani kutembea siku za Jumamosi nikapunge upepo, na kwamba sina mtu wa kunisindikiza. Mwanamke wa Kiislamu asafiripo hupaswa kuwa na maharimu wake, na katika nyumba yetu maharimu ni yeye peke yake. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Tunakwenda wapi, dada?"

Nikampa shilingi 20,000 mkononi, nikamwambia yeye ndiye msimamizi wa safari: nauli, chakula na kila kitu kitalipwa naye. Mama aliponiona nampa fedha hizo alinivuta jikoni. "Unampa pesa mkononi, mwanangu? Huyu huyu?" Nikamjibu kwamba mtu asiyekabidhiwa kitu hana nafasi ya kuonesha uaminifu. Mama hakuridhika. Kusema kweli, hata mimi usiku ule nililala kwa taabu.

Magogoni: samaki, mnada na pantoni

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya karibu mno. Tulishuka kwenye daladala Posta ya Zamani, tukatembea kwa miguu kando ya bahari. Hapo, mkabala na mahali wanapopandia wasafiri wa Zanzibar, lipo Boma la Kale lenye mlango wa nakshi na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya wageni wake. Sultani huyo ndiye aliyeamua kujenga mji mpya mahali palipokuwa kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, na jina la bandari ya salama likaanzia hapo. Alifariki mwaka 1870, mji wake ukiwa bado mchanga.

Mdogo wangu alikuwa amelipita jengo hilo kwa daladala mara nyingi. Alisimama, akaupapasa ukuta, akasema hakujua kama mji huu una mwanzo. Alidhani umekuwapo tu. Maneno hayo yamenikaa moyoni, maana ndivyo tunavyoishi wengi wetu: tunazaliwa katika mji, tunagombania viti vya mabasi yake, tunalalamikia mvua na foleni zake, na hatuujui.

Kutoka hapo si mbali hadi Soko la Samaki la Feri. Asiyepata kufika sokoni hapo asubuhi akiwa hana haraka amekosa tamasha kubwa lisilo na kiingilio. Mashua zinashusha, vijana wanakimbia na ndoo vichwani, na madalali wamesimama nyuma ya meza za saruji wakinadi mafungu kwa kasi ambayo sikio geni haliwezi kuifuata. Changu, vibua, jodari, pweza, na wengine ambao majina yao niliambiwa nikayasahau papo hapo. Kina mama wachuuzi wananunua kwa kukonyeza jicho tu. Upande wa pili wapo wakaanga samaki na makarai yao makubwa, na moshi umewafunika hata huwaoni isipokuwa mikono.

Tulinunua samaki wawili wa kukaanga, na mdogo wangu akashika hatamu za kupatana bei. Nikagundua kwamba ana kipaji nisichokijua. Alianza kwa kumsifu muuzaji, akaja kuwasikitikia samaki kwa udogo wao, akamalizia kwa kujifanya anaondoka. Tulipunguziwa, na muuzaji mwenyewe akacheka.

Karibu na hapo alikuwapo mzee akishona wavu. Tulikaa kula pembeni yake baada ya kumwamkia. Mdogo wangu, akizitazama mashua, alisema kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa ya utani, "Dada, hata hawa wavuvi wanabahatisha. Mtu anatoka usiku, hajui atarudi na nini. Tofauti yao na mkeka ni nini?"

Kabla sijajibu, mzee aliinua macho kutoka kwenye wavu wake. "Mwanangu," alisema, "mimi nikirudi na samaki, hakuna aliyelia ili mimi nicheke. Bahari hainidai. Huko kwenye makaratasi yenu, ili wewe upate, sharti wenzio wengi wakose. Na mimi nikikosa, nimekosa siku moja, wavu wangu ninao. Nashona, kesho narudi. Wewe ukikosa, unabaki na nini mkononi?"

Mdogo wangu hakujibu. Mzee naye hakuendelea. Alirudi kwenye wavu wake kana kwamba amesema habari ya upepo. Nimehudhuria mihadhara mingi juu ya madhara ya kamari, na yote ilikuwa na faida, lakini sikuwahi kuona somo likifika namna ile, kwa mtu aliyekuwa akilifanyia kazi jambo lenyewe kwa mikono yake.

Baada ya hapo tulipanda pantoni kwenda Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200 tu. Lango likifunguliwa umati unamiminika: wafanyakazi, wanafunzi, mikokoteni, pikipiki, magari, na kina mama wenye ndoo za samaki wabichi. Mdogo wangu alinitanguliza mbele yake na kunikinga kwa mkono ili nisisukumwe. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Kwa wengi waliokuwa humo ulikuwa usumbufu wa kila siku, nao walisimama wamekunja nyuso wakisubiri upande wa pili. Sisi tuliegemea chuma cha ubavuni, tukatazama meli kubwa ya makontena ikipita katika mlango mwembamba wa bandari, karibu mno hata tukawaona mabaharia wake. Ni maji yaleyale na chombo kilekile. Aliyetofautiana ni mtu mwenye haraka na mtu aliyekuja kutazama.

Ng'ambo tulitafuta sehemu ya ufuo isiyo na msongamano wala muziki. Yeye ndiye aliyeichagua, akisema kule kwingine hakunifai. Aliogelea akiwa amevaa bukta iliyopita magoti, nami nilikaa chini ya mnazi na dafu langu nikiacha mawimbi yanifikie miguuni. Nilimsikia akicheka na watoto wa pale kama alivyokuwa akicheka kabla ya matokeo ya mtihani. Tulirudi nyumbani kabla ya Magharibi. Akatoa chenji mfukoni, akaihesabu mezani mbele ya mama bila kuombwa: shilingi 6,400. Mama aliitazama fedha ile, kisha akaingia jikoni akasonga ugali mkubwa kuliko kawaida.

Kaole: msikiti usio na jamaa

Jumamosi ya pili tulikwenda Bagamoyo. Mabasi hupatikana Kituo cha Makumbusho, na barabara hupita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege kabla ya kufika. Njiani mdogo wangu alizusha suala la kifiqhi: je, tukifika huko tutapunguza swala? Tulijadiliana mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kusikiliza. Tulikumbushana tuliyoyasoma madrasa, kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi masafa ya kupunguza ni marhala mbili, ambayo kwa vipimo vya leo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei. Bagamoyo haifiki huko kutoka Dar es Salaam. Basi tukakubaliana kwamba tutaswali rakaa nne, na abiria yule akatikisa kichwa kuafiki.

Magofu ya Kaole yapo kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo. Tulifika kwa bajaji. Hapo yamo mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimamishwa upande wa kichwani, mtindo wa pwani yetu ambao wachache wanaujua siku hizi. Msikiti mkongwe zaidi unanasibishwa na karne ya 13. Katika nguzo za baadhi ya makaburi yanaonekana mashimo ya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka China. Wakazi wa hapa walikuwa wafanyabiashara, na vyombo vyao vilitembea mbali.

Tuliwatolea salamu wenye makaburi kama sunna ilivyotufundisha, tukawaombea dua. Kisha tukaingia ndani ya kuta za msikiti. Hauna paa, anga ndiyo paa lake. Mihrabu bado ipo. Mdogo wangu alisimama mbele yake, akatoa simu, ileile aliyokuwa akiitumia kufuatilia matokeo ya mechi za ng'ambo, akafungua dira. Mshale ukaelekea upande uleule wa mihrabu, kaskazini, kwani kutoka pwani yetu Makka ipo karibu kaskazini kamili. "Hawakuwa na simu," alisema. "Hawakuwa na setilaiti. Walijuaje?" Nikamwambia walizijua nyota na pepo, kwa kuwa walisafiri nazo. Akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Upo pia mbuyu mkubwa, na waongozaji wa wageni husimulia kwa tabasamu kwamba anayeuzunguka huongezewa umri. Mwongozaji wetu alimtaka mdogo wangu ajaribu. Akajibu, "Ajali yangu imeshaandikwa, kaka, lakini nitauzunguka kwa mazoezi." Akauzunguka mbio, sote tukacheka, mwongozaji akiwa wa kwanza.

Jambo lililonigusa zaidi Kaole ni bahari yenyewe. Zamani vyombo vilikuja karibu na mji huu, na ndio maana watu walijenga hapa. Kadiri miaka ilivyokwenda mchanga ukajaa na mikoko ikaota, bandari ikafa, na uhai ukahamia Bagamoyo. Hakuna vita iliyohitajika. Ilitosha njia ya riziki kuhama mahali kwenda pengine. Waliofungwa na mazoea walibaki kutazama mikoko ikikua, na waliokuwa na himma walihama na kuanza upya. Sikumwambia mdogo wangu neno juu ya hilo. Kijana aliyemaliza shule na kukosa njia aliyoizoea haitaji mtu wa kumfafanulia maana ya bandari iliyofungwa.

Mjini Bagamoyo tuliswali Adhuhuri kwa jamaa, kisha tukatembea katika mitaa ya nyumba za kale zenye milango ya nakshi na baraza. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na binadamu wenzetu wakashushwa hapa wakiwa na minyororo. Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Katika walioletwa Bagamoyo kwa njia hiyo alikuwamo mtoto mmoja kutoka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Aliingia mji huu akiwa mtumwa. Alisoma, akafanya biashara, akabobea katika elimu ya dini hadi akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na baadaye akawa liwali wa mji uleule alioingia akiwa mali ya mtu. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na Waislamu wa sehemu nyingi za nchi yetu wanalijua jina lake kwa sababu ya Maulidi ya Bagamoyo. Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukiwa tumekaa barazani tunakunywa kahawa na kashata. Aliuliza swali moja tu: "Alianza kusoma akiwa na umri gani?" Nikamwambia la muhimu ni kwamba alianza akiwa hana hata nafsi yake mwenyewe.

Treni ya Morogoro na rakaa mbili

Matembezi ya tatu yalihitaji kuweka akiba kwa miezi miwili. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, wanafunzi wangu wa chekechea hawana mchoro mwingine wanaoupenda. Tulilipa shilingi 13,000 kwa kila mtu kwa kila upande, daraja la kawaida. Kituo cha Dar es Salaam kimejengwa kwa umbo la kito cha tanzanite, na mdogo wangu alikipiga picha kila pembe kabla hatujaingia.

Reli ya kwanza kati ya miji hii miwili ilijengwa na Wajerumani, ikaanza mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia safari ya treni ile ya zamani kama mtu anayesimulia safari ya Hija: vyakula vilivyofungwa, mikeka, nyimbo za kila stesheni. Sisi tulipita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere kabla sijamaliza nyiradi zangu za asubuhi. Kisha milima ya Uluguru ikajitokeza dirishani, ya buluu, vilele vyake vikiwa ndani ya mawingu, na behewa zima likanyamaza kwa muda. Qur'ani imetuamrisha mahali pengi kutembea katika ardhi na kutazama. Siku ile niliona namna jicho linavyofanya kazi ya ulimi: watu wasiojuana walikuwa wakisema "Subhanallah" kila mmoja peke yake.

Mjini tulitembea sokoni, tukanunua ndizi na mboga za milimani za kumpelekea mama. Kisha nikasema ningependa kukiona Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofungua milango yake mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO. Tulikuta wanafunzi wachache, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Mmoja wao, kijana mwembamba aliyebeba vitabu kwapani, alitukaribisha kwa salamu na kutuelekeza msikitini. Mdogo wangu akabaki naye nyuma kidogo. Nilisikia vipande tu vya mazungumzo yao. Kijana yule alikuwa akieleza kwamba naye hakufaulu mara ya kwanza, kwamba alirudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma jioni na kuuza juisi mchana. Mdogo wangu alimuuliza gharama, akaandika kwenye simu.

Jamaa ya Adhuhuri ilikuwa imekwisha. Safari hii hapakuwa na mjadala, kwani Morogoro ipo zaidi ya kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na msafiri ana ruhusa aliyopewa na Mola wake. "Tutaswali mbili mbili, tujumuishe na Alasiri," alisema mdogo wangu, na akaenda mbele. Nikasimama nyuma yake. Akageuka kunitazama nilipo, akakimu, akatoa takbira kwa sauti ya baba yetu.

Sijui nieleze vipi jambo hilo. Kwa mwaka mzima nyumba yetu ilikuwa ikimzungumza mtoto huyu kama tatizo. Tulimkalisha katikati tukamwambia alivyo na alivyopaswa kuwa. Na sasa alikuwa imamu wangu, ndani ya msikiti wa ugenini, akihesabu rakaa mbili kwa utulivu, akinibebea swala yangu pamoja na yake. Baada ya salamu hakugeuka upesi. Nami sikuharakisha kunyanyuka.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu

Sidai kwamba Jumamosi tatu zimemponya mtu. Kibanda kile bado kipo mtaani, na yupo rafiki yake anayempigia simu kila mwisho wa wiki ligi za Ulaya zinapochezwa. Mwezi uliopita alikwenda huko tena. Alituambia mwenyewe, hakungoja kubainika, na hilo nalo kwetu ni jambo jipya. Amejiandikisha kurudia mtihani, na ada nusu ameitafuta kwa kubeba mizigo sokoni, nusu tumemchangia. Yaliyobaki yapo kwa Mwenyezi Mungu (s.w.).

Lakini tumejifunza mambo ambayo huenda yakazifaa nyumba nyingine. Kwanza, si lazima matembezi yawe ya gharama. Ya kwanza yetu hayakufika shilingi 15,000 kwa watu wawili, pamoja na chakula. Pili, mpe kijana dhamana ya kweli, yenye fedha ya kweli ndani yake, kwa kiasi ambacho nyumba inaweza kukipoteza bila kulala njaa. Tatu, pangeni safari kwa kufuata nyakati za swala, ili swala isiwe jambo la kutafutiwa nafasi dakika za mwisho: ondokeni asubuhi mapema, jueni Adhuhuri itawakuta wapi, na rudini kabla ya giza. Nne, chagueni mahali ambapo macho na masikio yatapata kheri. Fukwe zipo nyingi. Zilizo tulivu hutafutwa tu. Tano, nyamazeni. Usiigeuze kila nguzo ya kale kuwa mawaidha. Aliyemuumba kijana huyo amemuumbia macho, na mahali penyewe panajua kusema.

Na wasichana nao wasisahauliwe. Mara nyingi kijana wa kiume huambiwa asizurure, na wa kike haulizwi hata kama anatamani kuona bahari. Wote wawili wana haki ya faragha yenye furaha ya halali, na kila mmoja anaweza kuwa sababu ya mwenzake kuipata.

Jumamosi ijayo, inshallah, tutakuwa watatu. Mama ameishi Dar es Salaam miaka 31 na amevuka kwa pantoni mara nyingi, kila mara akiwa na beseni la vitumbua kichwani. Ametwambia anataka kuvuka mara moja akiwa mikono mitupu. Msimamizi wa safari ameshaanza kuuliza saa za maji kujaa na kupwa.